Itifaki ya Kukaa

Kazi yangu katika chuo kikuu kimoja hapa Brussels ni kuwafundisha wengine adabu, kwa hiyo nawaomba mcheke taratibu. Wageni wa jamii za asili wakija, mimi ndiye ninayeeleza itifaki na kutafsiri.

Wiki iliyopita tulimpokea Papa Kalunga, mzee wa Watwa kutoka upande wa Kalemie, Kongo, aliyekuja kuulizia vitu vya mababu zake vilivyomo katika stoo yetu. Niliwaonya maprofesa: asikae mtu kabla mzee hajakaa. Kisha nikampigia simu binti yake, Maman Béa, nesi katika mtaa wa Jette hapa mjini, nikamwambia kwamba kwa heshima ya hapa, mgeni hakai kabla ya mkuu wa chuo.

Basi siku ya mkutano tukasimama wote, mzee na binti yake upande huu, mkuu wa chuo na maprofesa upande ule. Kahawa ikapoa. Profesa mmoja akaegemea ukuta.

"Muulize mzee kama tumemuudhi," mkuu wa chuo aliniambia kwa Kifaransa.

Nikamgeukia mzee. "Papa, anasema karibu sana."

"Aksanti. Mwana, muulize atakaa saa ngapi. Magoti inaniuma."

Nikamjibu mkuu wa chuo, "Mzee anawakumbuka kwanza mababu."

Maprofesa wote wakainamisha vichwa.

Maman Béa, anayekijua Kifaransa kuliko mimi, alinitazama, akavuta kiti.

"Bon. Papa, ikala. Hapa hakuna protocole, kuko huyu tu."

Kisha akamgeukia mkuu wa chuo, akamtafsiria maneno hayo neno kwa neno, bila kunihitaji.