Fungu la Paskali

Harufu ya wali uliochacha huanza kwa uchachu mdogo kama wa pombe ya ndizi, ukaipuuza. Siku ya tatu inakukaba koo. Mwaka wetu wa kwanza Dallas, katika fleti za Vickery Meadow ambako kila mlango ulinuka chakula cha nchi yake, nilidhani inatoka kwa jirani. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu na nilikuwa hodari wa kusingizia majirani. Kumbe ilitoka chini ya kitanda chetu, mimi na mdogo wangu Mapendo, na aliyeupika wali ule ni mimi mwenyewe.

Mapendo alikuwa na miaka sita, na alizaliwa pacha. Kaka yake Paskali alikufa kwa homa katika kambi ya wakimbizi, wiki mbili kabla ya safari yetu. Siku hizo Mapendo naye alikuwa amelazwa, hajitambui, kwa hiyo hakuona mazishi. Kwetu wanasema pacha humfuata mwenzake. Mama aliogopa kuzika wawili, akatuapisha sote: Mapendo aambiwe kuwa kaka yake atakuja na ndege nyingine. Mficha maradhi, kilio humuumbua, lakini nani angethubutu kumwambia hivyo mama aliyetoka makaburini? Basi tukafika Texas na uongo wetu. Watoto wale walikula sahani moja tangu waache ziwa la mama. Sasa shuleni Mapendo alipewa sinia lake peke yake, akawa analitazama tu. Alikonda mpaka sketi ikashikizwa kwa pini. Shule ikaleta barua, kisha ya pili, na mwanamke mmoja wa kanisani akamwambia mama kwamba katika nchi hii mtoto akikonda, serikali humchukua. Baba, aliyeshinda ghalani akipakia maboksi, aliisoma barua ya pili akiwa amesimama, akaishia kukaa sakafuni.

Hapo ndipo nikajifanya fundi. Maktaba ya shule ilikuwa na kitabu cha bento, vile visanduku vya chakula cha mchana ambavyo akina mama wa Kijapani huwapangia watoto wao: wali umefinyangwa sungura, karoti imekatwa maua. Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea maji, lakini picha hazihitaji mkalimani. Nilianza na sungura ndani ya kopo la aiskrimu. Mapendo akamrudisha mzima, hata sikio halijaguswa. Ndipo shetani, au akili, mpaka leo sijui, akanituma nifinyange vichwa viwili, kimoja Mapendo, kingine Paskali. Nywele nilizifanya kwa sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, iliyokamuliwa maji, macho kwa maharage meusi, na juu ya jicho la Paskali nikaweka uzi wa karoti, pale alipokuwa na kovu. "Kula. Paskali naye anakula kama hii," nikamwambia. Kopo lilirudi tupu. Mama alinikumbatia mbele ya baba, nami nikavimba kichwa. Karibu mwezi mzima nilifinyanga nyuso zile, nikizidisha mapambo, nyusi, meno ya mahindi. Sketi, hata hivyo, bado ilitaka pini.

Jumamosi moja asubuhi niliinama na ufagio chini ya kitanda. Vilikuwa vimepangwa mstari, kila kimoja ndani ya karatasi ya kufutia mikono: vichwa vya Paskali. Vya zamani vilikuwa vimeota ukungu wa kijani, macho yameanguka. Nilipiga kelele, mama akaja mbio, Mapendo nyuma yake.

"Hii ni ya nani, Mapendo?" mama aliuliza.

"Ya Paskali. Akikuya atasikia njala."

Mama aliinama kuviokota. Mimi ndiye niliyesema, kwa hasira, harufu ikiwa imenijaa puani. "Paskali hakuyi. Alikufa. Tulimuzika."

Mapendo hakulia. Alinitazama mimi, si mama. "Na weye ulijua, yaya?"

Yaya ndivyo alivyoniita, dada yake mkubwa. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, na jioni ile Mapendo alikula sahani nzima mpaka punje ya mwisho. Hakumfuata pacha wake kama mama alivyoogopa. Alinenepa, barua za shule zikakoma, nasi tukaenda kanisani kumshukuru Mungu kwa sauti kubwa.

Siku hizi ninaishi Irving, nina jiko pana, na dukani nakuta vikataji vya maua na mwani mweusi wa kuchorea. Binti yangu huenda shule na bento ambazo wenzangu kazini huomba kuzipiga picha. Nyuso sifinyangi. Mapendo anakaa Haltom City, anatunza wazee, mzima wa afya. Alitutembelea mwezi uliopita, na binti yangu akamkata sungura wake wa wali katikati, akamsogezea mama yake mdogo nusu. Mapendo akairudisha taratibu. "Kila mutu na yake," alisema, akaendelea na sahani yake mpaka ikawa nyeupe. Niliumia mpaka nikaenda kusimama bafuni. Zamani hatukuwa na kitu, na mtoto wa miaka sita alijinyima nusu ya chakula mwezi mzima kwa ajili ya mwenzake. Leo friji imejaa, na mtoto yule hayupo, na aliyemwondoa ni mimi. Namshukuru Mungu kwamba dada yangu yu hai. Lakini nikifagia vyumba vya wanangu huinama chini ya kitanda, nikanusa, nikitamani ile harufu.