Mkono Usio na Makovu

Watu walimwita Mama Mkono, na jina hilo alilipata kwa kuungua. Kila alipopika sabuni mpya, kabla kipande kimoja hakijatoka mlangoni, alijipaka kwanza mwenyewe ndani ya mkono wa kushoto, mbele ya wanunuzi, akaketi nayo huku wakipiga soga. Magadi yakizidi, ngozi ilibabuka, na sufuria nzima ikamwagwa. Wateja hawakuanza na bei. Waliuliza, "Mkono unasemaje leo?" Akijibu kwamba umenyamaza, walinunua. Kazi hiyo ilimwachia makovu kuanzia kiwiko hadi kiganja, wala hakuyaonea haya. Fundi wa zamani alionja alichopika. Wa siku hizi anapika, anawaonjesha wasio na mdomo wa kukataa, na yeye anasimama mbali na kitambaa puani.

Mwanawe wa pekee alisomeshwa na mkono huo. Alipofungua karakana ya krimu za uso, aliipa krimu yake jina la Mkono wa Mama, na kwenye kila kopo ukachorwa mkono laini kama yai lililomenywa. Mama alipouona alicheka, akauliza ule ni mkono wa nani. Mwana akasema mchoraji amerekebisha kidogo tu. Kisha akamwomba jambo moja: wenye maduka wanakuja kuiona bidhaa, na wote wanamjua yeye, basi asimame mbele yao aseme mkono umenyamaza. Bila neno lake hawatanunua. Mama akakubali. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.

Siku yenyewe alifika mapema, akakosea mlango. Chumba kilinuka dawa na mkojo. Sungura walikuwa wamepangwa ubavu kwa ubavu, kila mmoja ndani ya kisanduku, kichwa tu nje, shingo imebanwa ili asiweze kuinua mguu kujifuta. Kila mmoja alikuwa na jicho moja jekundu, limevimba, na kwa wengine lilikuwa limeshatandwa na utando mweupe. Walikuwa kimya. Sungura si mnyama wa kupiga kelele, ndiyo maana wamemchagua.

Mwana akamkuta amesimama pale. Akaeleza upesi, kwa sauti ya mtu anayeuza: krimu ikimwingia mteja jichoni, lazima ijulikane itafanya nini, na hao ni wanyama tu, kwani hata mama mwenyewe anakula nyama. Mama akasema ni kweli, anakula akiwa na njaa, lakini hajamwona bado mtu aliyekufa kwa kukosa uso unaong'aa. Akachukua kopo, akalifungua, akamnyooshea.

"Jitie wewe. Jicho moja tu, mwanangu."

Mwana akatazama kopo, akatazama mlango. "Mama, acha utani."

"Mkuki kwa nguruwe," akasema mama, akatoka.

Ukumbini wenye maduka walikuwa wameshapewa soda. Mzee mmoja, mteja wake tangu ujana, akamtania kwamba mkono umezeeka kuliko mwenyewe, kisha akauliza lile swali la miaka yote. Mwana alikuwa akitabasamu kwa meno matupu. Mama alijua neno moja lingemjenga mwanawe na jingine lingembomoa.

Akakunja nguo mpaka juu ya kiwiko.

"Mkono haujui kitu. Krimu hii haujaigusa. Walioguswa nayo wako chumba cha nyuma, macho yameharibika. Nendeni mkawaulize hao."

Hakuna aliyekwenda. Mwana akasema uzee unamsumbua mama. Wakacheka kwa adabu, wakabembeleza bei, wakanunua. Yule mzee peke yake alirudisha kopo mezani, lakini naye hakufungua mdomo. Adabu ya namna hiyo ndiyo inayolea uovu.

Tangu siku hiyo Mama Mkono havai tena nguo ya kufunika viwiko. Asubuhi huenda dukani, akasimama palipopangwa yale makopo, akaweka mkono wake kando ya ule uliochorwa. Mwanawe akimwona huvuka barabara. Na kila anayekuja kununua, bibi humuuliza taratibu:

"Hebu tazama vizuri, mjukuu wangu. Hapa, mkono wa mama ni upi?"