Salamu Nilizomtungia Mama

Mwaka ule mama alikuwa bado anachimba chumvi kwenye ziwa la Katwe. Siku moja watu wa televisheni walifika ziwani na kamera, wakamsimamisha ndani ya maji ya chumvi, wakamhoji karibu saa nzima. Wakamwambia atatokea Alhamisi, kwenye habari za jioni.

Alhamisi hiyo mama akaja kwangu Bwera tangu asubuhi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na televisheni. Alivaa gauni la Idi na mtandio mpya, kana kwamba watazamaji nao wangemwona pale sebuleni. Majirani wakajaa. Tukavumilia mawaziri, tukavumilia ajali. Kisha mvua ikashuka kutoka mlimani, picha ikagandaganda, yakabaki maandishi tu kwamba hakuna mawimbi. Mume wangu alitoka kulizungusha dishi, akipiga kelele kutoka nje, "Imerudi? Imerudi?" Iliporudi, walikuwa wameshafika kwenye mpira.

"Basi warudie," mama alisema.

"Televisheni hairudii, mama."

Majirani wakaaga kwa upole ulioniudhi kuliko mvua yenyewe.

Wiki iliyofuata mteja wangu mmoja wa vitenge akaniambia ameiona habari ile kwenye intaneti. Nikashika simu mbio. Lakini Bwera tuko mpakani; simu ilikuwa imekamata mtandao wa Kongo, na bando langu la Uganda likawa halina kazi. Nilizunguka uani nimeinua mkono juu, kiduara nacho kikizunguka kwenye kioo, mpaka nikachoka. Siku ya pili nikampeleka mama Kasese mjini.

Tulikaa kwenye baraza la duka. Kwanza likaja tangazo la sabuni, msichana anacheka.

"Huyu si mimi," mama akasema.

"Ngoja, mama."

Ilikuwa dakika mbili. Walionyesha miguu yake zaidi kuliko uso, ile miguu iliyochubuliwa na chumvi. Sauti yake waliizima, na juu yake mwanamume akawa anaeleza kwa Kiingereza. Yale aliyoyasema kuhusu mvua inayoharibu chumvi, kuhusu wanawake wanaougua kwa kushinda majini, hayakuwemo hata moja.

"Mbona nafungua mdomo tu?"

 Akaonyesha maandishi ya watazamaji yaliyokuwa chini ya picha. Mama hakujua kusoma.

"Na hawa wanasema nini?"

Nilikuwa nimeshasoma. Mmoja aliuliza kama ile ni miguu ya mtu au ya mamba. Wengine walimwekea vicheko.

"Wanakusalimia," nikasema.

"Iko watu wangapi?"

"Wengi."

"Andika basi. Waambie nimeitikia, na waje Katwe wanunue chumvi."

Nikaandika vilevile, kwa sababu alikuwa ameinama ananitazama.

Tangu hapo kila alipokuja aliniomba nimsomee salamu mpya. Nikamtungia: za Mbarara, za Kampala, hata za Nairobi. Naye alizipeleka ziwani kwa wenzake. Mwishowe nikashindwa, nikamwambia wameiondoa ile picha. Akauliza kama amekosea kusema neno lolote.

Haikuondolewa. Kwenye televisheni alipita mara moja tukamkosa. Huku kwenye simu yupo saa yoyote, na kila nikifungua nakuta mtu mwingine amecheka.