Kitanda Mbele ya Kiyoyozi

Kile kiyoyozi mume wangu alikinunua kwa mtaalamu wa kigeni aliyekuwa anafungasha kurudi kwao, mradi umekwisha. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa. Juzi tu tulikuwa tunapanga foleni ya sabuni, mara ghafla Musoma imejaa vitu ambavyo hata ndotoni hatukuwahi kuviona. Wenzake walinunua redio, wakanunua viatu vya mtumba. Wangu mimi alikuja na sanduku la chuma linalobebwa na wanaume wanne, akaliita baraka. Tulikuwa tunakaa karibu kabisa na ziwa, upepo wa bure asubuhi na jioni. Ukimwuliza ni baridi gani nyingine anayoitafuta, anacheka. Hadi leo sijaelewa vizuri.

Tulikuwa tumepanga vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa na dirisha moja linalotazama kibarazani. Cha nyuma kilikuwa na mlango wa ndani na mwingine wa uani, bila dirisha, sijui mwenye nyumba alikusudia kufuga nini humo. Kwa hiyo kiyoyozi kilikwenda kwenye lile dirisha letu moja. Alikata nondo, akakipachika, kikaziba lote. Kuanzia hapo kila kitu kikawa kinaifuata mashine. Meza ya chakula ikahamia chumba cha nyuma pamoja na jiko la mafuta ya taa na gunia la mihogo. Kabati likasukumwa ukutani lisikinge baridi. Halafu akaita fundi seremala kutoka Bunda, akatugongea kitanda kipana cha mninga humo humo chumba cha mbele, kwa misumari na gundi, kikitazamana na mashine. Nikauliza wageni watakaa wapi. Akasema si watakaa kitandani! Mimba yangu ilikuwa kubwa, miguu imevimba, na muuguzi wa kliniki alikuwa ameniambia nisilale kwenye joto. Sasa ningejuaje kama mtu huyu ananipenda au anawaringishia majirani? Labda yote mawili.

Umeme wenyewe ulikuwa wa kubahatisha. Ukiwepo, mashine inanguruma, taa za wapangaji wenzetu zinafifia, na mama wa nyumba ya pili anagonga ukuta kwa mwiko. Ukikatika, tunabaki chumbani bila dirisha, tunatoka jasho mbele ya kiyoyozi.

Lakini mimi sikuwa nawaza baridi. Nilikuwa namngoja mama. Mimba yangu ya kwanza ilitoka, na hii ya pili nilikuwa naiogopa hata kuitaja. Mama mkwe wangu alikwisha kufariki, wa kunishika mkono alikuwa mama yangu tu. Nilitaka awe karibu, basi.

Akaja kutoka Kiriba na gari la asubuhi, kapu limejaa sato wa kubanika na unga wa muhogo. Nilifungua mlango nacheka. Akaweka mguu mmoja kizingitini, akaona, akageuka haraka kama aliyemkuta mtu anaoga. Mungu wangu, nilikuwa nimesahau kabisa! Kwetu mama mkwe na mkwewe hawaonani uso kwa uso wala kusemeshana, na kitanda anacholala mkwewe ndiyo kabisa haoni, hilo halina mjadala. Sisi tumekiweka mlangoni kama bidhaa. Tena mume wangu ni mtu wa Nyamuswa, amekulia nyuma ya ng'ombe, mambo haya anayajua kuliko mimi. Alisahauje?

Mama akakaa kibarazani. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonivuruga, maana angenigombeza ningejua pa kushika. Alisema tu kwamba atapumzika kidogo, atarudi na gari la jioni, na uchungu ukinianza nitume mtu Kiriba.

Mume wangu aliporudi kutoka gereji alipitia uani ili wasionane. Tukaanza kusukuma kitanda kiende chumba cha nyuma. Mlango ukakikataa. Tukakilaza ubavu, tukakisimamisha, wapi. Akachukua msumeno. Mama aliposikia meno yake kwenye ubao, akaongea kutoka nje, kwa sauti ya kawaida tu.

"Mwambie mwenzako, kitanda cha ndoa hakikatwagi mke akiwa na mimba. Tena wewe."

Tena mimi. Msumeno ukashuka. Mume wangu akaniambia nimwambie mama kwamba amesikia, nikamwambia mama amesikia, mama akaniambia nimwambie ni vizuri, na wote watatu tunasikiana kabisa kupitia mlango ulio wazi. Nikaona kizunguzungu. Kitanda hakitoki, hakikatwi, hakitakiwi kuonekana. Nikatundika kitenge mbele yake. Mama akasema kitenge kizuri, lakini yeye ameshaona. Hapo nikakaa sakafuni nikalia kwa hasira, nikamwambia mume wangu kwamba mama akipanda lile gari, na mimi napanda.

Mume wangu akavuta kisanduku chake cha spana. Nilidhani anarudi zake gereji. Kumbe anakwenda dirishani. Akaanza kufungua kiyoyozi, bolti moja baada ya nyingine, bila kunitazama. Yule mama wa mwiko alipojua kinachofanyika alileta wanaume wa kukibeba, anawahimiza kwa furaha. Kikaishia chumba cha nyuma, kikawa meza ya jiko. Mwanga ukaingia, na upepo wa ziwa, na harufu ya dagaa wa watu. Kisha akalivuta kabati mpaka katikati, likakikinga kitanda, na mbele ya dirisha akaweka kiti. Akanionesha nikae. Nilipokaa, mama yangu alikuwa hapo nje, namfikia kwa mkono.

Gari la jioni liliondoka bila yeye. Alilala kwa yule jirani, na uji wangu ulipitia dirishani. Uchungu uliponianza, mama ndiye aliyenipeleka hospitali na kukaa nami wodini, kwa hiyo mume wangu hakuweza kukanyaga huko. Siku ya kurudi alikuwa bado hajamwona mtoto wake.

Niliingia peke yangu, nikakaa kwenye kiti changu. Mume wangu amesimama nyuma ya kabati, namsikia anavyohema. Mama akaja dirishani na mtoto. Hakumtoa mara moja. Alimtazama usoni, akamwambia kwa sauti ya kuvuka kabati:

"Mwambie baba yako bibi ameona alichofanya. Mwambie yeye ni mtu."

Ndipo akampitisha ndani, nami nikampeleka nyuma ya kabati. Mume wangu akampokea, machozi yanamtoka bila aibu. Akaninong'oneza nimwambie mama asante. Nikarudi dirishani, nikafungua mdomo. Mama akaniashiria kwa mkono ninyamaze, ameshasikia.