Siku Waume Walipofufuka Saluni

Habari za kifo chake zilinikuta mtaa wa Overport, hapa Durban, kwenye foleni ya mkate, na tangu hapo situlii. Nakaa, nasimama, nafungua dirisha, nalifunga. Wasomaji wangu mtamkumbuka: yule mama Mkongomani, msusi, niliyewahi kuwaambia kwamba saluni yake ina maneno mengi kuliko vitana. Presha imemchukua. Tulikuwa watu wa salamu tu, mimi na yeye, lakini wapo watu wa salamu wanaokuachia pengo kubwa kuliko ndugu.

Miaka michache baada ya vurugu za 2008, wageni tuliposhambuliwa Afrika Kusini, watafiti walituandama sana sisi wageni wa Durban. Siku moja alikuja saluni binti wa chuo kikuu, mkazi wa Glenwood, kuuliza wanawake wanaishije. Mimi nilikuwa mkalimani wake. Basi kila mama aliyeulizwa habari za mume alijibu kwa huzuni kwamba alifia vitani. Wajane watupu! Sababu twaijua wenyewe: kwetu, yeyote mwenye kalamu na maswali hudhaniwa anachagua wakimbizi wa kupelekwa Kanada, na mjane hutangulia. Mwenye saluni naye alikuwa hajamaliza kumzika mumewe kwa maneno pale marehemu mwenyewe alipochungulia mlangoni, akitoka kwenye kibanda chake cha kutengeneza simu, akauliza, "Mama, chai iko?"

Tulicheka mpaka machozi. Binti hakucheka. Mama akaziacha nywele alizokuwa akisuka, akamwambia, "Mademoiselle, usikasirike. Banakuya, banauliza, banaenda. Hatujue munafanya nini na maneno yetu. Andika, lakini urudi utusomee hapa mbele yetu, ndiyo tutasema kweli."

Binti akarudi kweli. Alisoma, nikatafsiri, na waume wakafufuka mmoja baada ya mwingine. Alipofika mahali palipoandikwa kwamba wanawake wetu hukwepa kliniki kwa sababu ya mila, kelele zikazuka. "Mila gani? Tunaenda! Nesi anasema Kizulu, anasema English, sisi tunatikisa kichwa tu. Eish!" Palepale wakakubaliana kwamba ombi la kwanza kwa mradi wa binti liwe mkalimani wa kliniki. Naye akapatikana, mama Mrundi mwenye subira. Fedha za mradi zilipokwisha akaondolewa, na safari hiyo hakuna aliyerudi kutuuliza lolote. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mwezi uliopita yule mama msusi alitoka kliniki hiyohiyo na vidonge vya presha. Akavinywa kila kichwa kilipomuuma; hakuelewa kwamba ni vya kila siku. Sijui kama mkalimani angemwokoa, na sitaki kudai nisilolijua. Lakini swali hilo linaniamsha, na nina hasira.

Juzi, msibani, alifika mtafiti mwingine, mtu mzima mwenye adabu zake. Akatoa pole, kisha akasema kwamba matanga yakiisha angependa kutuuliza habari za afya ya wakimbizi. Mume wa marehemu, fundi simu yule, akamgeukia.

"Papa," akasema, "bibi yangu aliniua juu ya maswali yenu. Mulirudi kutusomea, akanifufua. Sasa yeye, nani atamufufua?"

Mgeni akarudisha kalamu mfukoni, akakaa mkekani pamoja nasi. Aje kuuliza, simkatazi. Ila anayeanza na watu amalize nao, na asiamue peke yake kwamba kazi imekwisha, maana wanaobaki na vidonge mkononi ni sisi.