Mwaka Mumoja wa Chuo

Musinicheke nikisema nilianza chuo mbele ya kumaliza sekondari. Wajukuu wangu wanacheka, wanafikiri muzee ameanza kuchanganya mambo. Sichanganyi kitu. Nilikuwa na akili nyingi wakati ule, na ni akili ile ile iliyoniponza.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya sitini, kule Masisi. Nilikuwa kalasi ya mwisho kwenye shule ya misioni. Padri direkta wetu alikuwa amepatana na chuo kimoja cha walimu cha Bukavu: wanafunzi wawili wa kwanza wangesoma masomo ya mwaka wa kwanza wa chuo hapo hapo misioni, saa ambayo wenzao wanapiga mupira. Masomo yalikuja kwa posta, karatasi za stensili zenye kunuka wino. Unasoma, unajibu maulizo, padri anatuma majibu Bukavu. Mwishoni mwalimu wa chuo anakuja kukuuliza kwa mudomo. Ukishinda yote, unapewa kile walichoita dispanse, ni kusema unasamehewa mwaka muzima: unaingia moja kwa moja mwaka wa pili. Chuo kilikuwa cha miaka tatu. Kwetu sisi ingekuwa mbili.

Kwa mwenzangu mwaka huo ulikuwa sifa tu. Kwetu nyumbani, Kingi, ulikuwa ndoa ya dada yangu.

Mama alikufa nikiwa bado shule ya musingi. Dada, aliyenipita miaka minne, njo alitulea, miye na wadogo wawili. Papa alivunjwa muguu na muti aliokuwa anakata wakati wa kufyeka shamba, na tangu siku ile alitembea na fimbo. Mbuzi aliweza kuchunga, lakini jembe hakuweza tena. Basi muteremko wote wa shamba letu, maharagi na muhogo, ulikuwa juu ya mugongo wa dada. Na alikuwa anaimba! Sijui nguvu ya kuimba aliitoa wapi.

Seremala mumoja wa Kibabi akamupenda. Wazee wakakutana, kasiksi ikanywewa, ndizi za kutengeneza pombe ile zilitoka kwetu. Papa akaweka neno moja tu: binti hatoki hapa mpaka kijana amalize chuo, aanze kufundisha, aweze kuangalia wadogo. Seremala akauliza ni miaka ngapi, kuhesabu tangu nitoke misioni. Papa akasema tatu. Yule muntu akasema, "Papa, mama yangu amezeeka, hawezi hata kuinua chungu. Mbili nitangoja. Tatu siwezi kuahidi, nisije nikawadanganya." Wengine walimuona hana adabu. Miye nilimuona ni muntu wa kweli, na dada pia, maana alitabasamu kule nyuma ya mulango alipokuwa anasikiliza.

Siku nilipoleta habari ya dispanse, dada alitupa jembe na kucheza katikati ya maharagi, akakanyaga musitari muzima. Akanikataza kushika kazi yoyote ya shamba. "Weye lima karatasi," akasema, "maharagi uniachie miye." Kila siku ya posho, ile inayotangulia siku ya Mungu, alipanda mpaka misioni na viazi vilivyopikwa, ili nisipoteze saa kwa kushuka nyumbani. Nilikula viazi vyake mwaka muzima, na nilijua vizuri kabisa ninavila kwa ajili ya nini.

Mwenzangu alikuwa mutoto wa wafugaji wa Nyamitaba. Mudomo wake, Mungu wangu! Alibishana na kila muntu, hata na mupishi wa misioni juu ya chumvi. Nilimuonea huruma. Nikasema moyoni, huyu, mwalimu wa chuo atamufukuza mara ya kwanza atakapofungua kinywa. Miye pia nilijua kubisha, lakini na padri tu. Padri tulimubisha bila woga, yeye mwenyewe alitufundisha, na zaidi ya yote hakuwa baba ya muntu.

Majibu ya kuandika tulishinda yote. Ikabaki ile ya mudomo. Mwalimu wa chuo alipaswa kufika Masisi, lakini mvula ilikata barabara, akakwama Walikale alikokuwa anatembelea mashule. Padri akasema, basi ninyi mutamufuata. Kamyo ya misioni ilitupeleka mpaka matope yalipoikatalia, kisha tukashika njia kwa miguu, siku mbili, kushuka na kushuka tena. Kwenye barieri askari walimwaga mifuko yetu, wakachukua sabuni, wakaturudishia karatasi. Tulipoingia pori la Walikale nilikuwa nimevua koti, halafu triko ya baridi, na shati lilinigandama mugongoni. Hewa ilikuwa nzito hata kuivuta ilikuwa kazi.

Nilitazamia kukuta muzungu. Nilikuwa nimejitayarisha kwa muzungu. Mulango wa kalasi ulipofunguliwa nikaona muzee wa kwetu, kichwa cheupe, rika la Papa kabisa. Akanisalimia kwa Kihunde. Akaniuliza miye mutoto wa kilima gani, na nilipomwambia, akataja kilima cha babu yangu kama muntu anayetaja jirani. Nikainama, nikamupa mukono wa kuume nikiushika kwa ule wa kushoto, vile nilivyofundishwa tangu nikiwa mudogo. Nilipokaa kwenye kiti sikuwa tena mwanafunzi mbele ya mwalimu. Nilikuwa mutoto mbele ya baba.

Maulizo ya kwanza niliyajibu yote. Alikuwa anatikisa kichwa, anaandika. Tukafika kwenye jeografia. Akaegemea kiti, akasema polepole, "Basi, mwanangu, muntu akipanda mulima anakaribia jua. Ni kusema huko juu kuko joto kuliko huku chini. Njo vile, ao?"

Ee! Miye muzaliwa wa Kingi, ambako hata wakati wa jua kali muntu anaamka na kukimbilia jiko! Miye niliyetoka kushuka siku mbili nikivua nguo moja moja njiani! Jasho lilikuwa linaniingia machoni hapo hapo nikiwa ninamuangalia. Jibu nilikuwa nalo, nililijua mpaka namba za digri zilizokuwa kwenye karatasi ya stensili. Nikafungua kinywa, nikasema, "Njo vile, Papa."

Akaniangalia. Akasema, "Una hakika?"

"Muko na haki, Papa."

Akanipa njia ingine tena, maana alikuwa muntu muzuri, ninasema kweli. "Na kwenu Kingi, kuko joto?"

Nikajibu, "Kuko joto kidogo, Papa."

Mukitaka kucheka, mucheke sasa. Miye sikuwahi kuweza. Aliweka biki juu ya meza, akafuta uso kwa kitambaa. Hakukasirika. "Ninajua unajua," akasema, "na njo inaniuma. Heshima si utumwa, mwanangu. Kesho utakuwa na watoto makumi tano mbele yako. Kama weye unaogopa kunikosoa miye, wao watajifunza wapi kukukosoa weye? Kasome mwaka wa kwanza kama wengine."

Nilitaka kumwambia habari ya dada. Nilitaka kumwambia digri zote kutoka namba ya kwanza. Nikasema, "Aksanti, Papa," nikatoka.

Mwenzangu aliingia, na kabla sijakauka jasho alitoka akicheka. "Kumbe ni mujanja, ule muzee! Ameniambia uongo mukubwa namna ile, nikamwambia, munisamehe Papa, hapo munakosea. Akapiga meza kwa furaha, akanipa mukono." Munisamehe, Papa. Maneno mawili, na ya heshima vilevile. Nilikuwa nayo kinywani tangu utoto, niliyatumia nikimwaga maji, nikichelewa kurudisha mbuzi. Nilikasirika naye siku nzima ya kwanza ya kurudi, nikamukasirikia muzee siku ya pili, na tulipoanza kupanda na baridi ikatushika, nilibaki na muntu mumoja tu wa kukasirikia.

Lakini njiani nilipata dawa. Nilisema, nitamwambia Papa amuache dada aolewe wakati ule waliopatana, na kama kunabaki mwaka, nitaubeba miye. Nitakaa nyumbani mwaka mumoja, nitalima, nitaangalia wadogo, chuo hakikimbii. Nililisema neno hilo kwa sauti, mwenzangu akasikia, akasema ni neno la mwanaume. Nililipanga vizuri: mwanzo wake, kati yake, mwisho wake. Nilipofika kwenye migomba yetu nilikuwa nalo lote.

Ilikuwa saa sita ya muchana. Papa alikuwa kwenye kiti chake mbele ya nyumba, muguu ule mubaya umenyooshwa. Dada alikuwa anapiga maharagi makavu kwa fimbo kwenye mukeka. Nikasema kila kitu, sikuficha hata ile habari ya joto la Kingi. Nilingoja Papa anitukane. Ningefurahi kama angenitukana.

Papa akatikisa kichwa. "Umefanya vizuri," akasema. "Muzee habishwi. Wazee walisema, asiyesikia la mukubwa huvunjika muguu." Akasema vile na muguu wake umelala pale mbele yetu, na hakuna aliyecheka. "Mwaka mumoja ni nini? Unavuna maharagi mara mbili, umekwisha. Seremala, kama ni mwanaume, atangoja. Ao nimekosea?"

Fimbo ya dada ilisimama. Hakugeuka, lakini niliona mugongo wake unasikiliza. Neno langu lilikuwa hapo, limepangwa, mwanzo na kati na mwisho.

"Hapana, Papa," nikasema. "Hamukukosea."

Dada akaanza tena kupiga maharagi. Alipiga mpaka yote yakatoka kwenye maganda, halafu akapepeta, halafu akatupikia. Hakuniambia neno baya, wala siku ile, wala iliyofuata. Nilikula bugali yangu na kushukuru kwamba hakuuliza kitu. Haya ile ninayo mpaka leo, haya ya kushukuru namna ile.

Siku ya Mungu, tulipotoka misa, alinijia nyuma ya nyumba na karatasi aliyochana kwenye daftari langu. Yeye aliacha shule mama alipokufa, kuandika kwake kulikuwa jina tu, na kwa shida. Akakaa juu ya kinu kilichogeuzwa, akasema, "Niandikie barua, kaka. Ya Kibabi."

Nikatafuta ubao wa kuandikia juu yake. Alisema polepole, kama muntu aliyeyakariri maneno usiku na muchana. "Andika: Ninakusalimia sana, na mama yako. Kaka yangu hakupata ule mwaka. Imebaki miaka tatu. Weye ulisema mbili, na haukutudanganya, na miye sitaki kukudanganya. Usiningoje. Tafuta mwingine mwenye kuweza kuinua chungu cha mama. Sina neno na weye. Mungu akubariki."

Niliandika. Niliandika kwa mwandiko muzuri, ule wa misioni, herufi zimeinama upande mumoja. Mahali aliposema haraka nilimuomba arudilie. Niliweka kila virgule na kila nukta mahali pake. Nikamusomea yote kutoka juu mpaka chini, na sauti yangu haikutetemeka, nilisoma kama ninasoma mbele ya kalasi. Akachukua biki, akaandika jina lake huku anabana meno.

Kulikuwa na mama mumoja wa upande wa juu aliyekuwa anarudi kwa ndugu zake Kibabi saa ile ile. Dada alimukimbilia na barua, wakaongea kidogo, yule mama akaiingiza ndani ya kitambaa cha kiuno na kushika njia. Tulisimama wote wawili, tukamuangalia anapanda, anapotea kwenye kona, anatokea tena juu mudogo, halafu haonekani. Ningeweza bado kumukimbilia. Nilikuwa na miguu ya miaka kumi na tisa.

Dada akapangusa mikono kwenye kitenge chake, ingawa haikuwa na kitu. "Uliandika yote vile nilisema?"

"Yote, dada."

"Neno kwa neno?"

"Neno kwa neno."

Akatikisa kichwa, akaokota kitunga chake cha kwenda kuchuma majani ya sombe. "Nilikuwa ninangoja ukatae," akasema.