Nyani Walilijua Koti la Baba

Wenzangu mliokulia vijiji vya Ikungi, hasa ninyi mliowahi kuunguzwa na jua mkilinda nyani shambani, nadhani mtanielewa. Wengine mtasema natia chumvi. Inawezekana. Niliishia darasa la saba na kichwa changu si cha kuapia, kwa hiyo nitaandika nilivyoona, na nisipokuwa na uhakika nitasema.

Utoto wetu pale Issuna ulikuwa na shule mbili. Moja ilikuwa ya mwalimu na fimbo, unakwenda umebeba fagio na kidumu cha maji, unarudi umebeba kiboko mgongoni. Nyingine ilianza mahindi yakitoa ndevu na mtama ukianza kukaza. Hiyo haikuwa na kengele. Unaamshwa kungali na ukungu, unapewa kiporo cha ugali wa uwele na maziwa mgando kwenye kibuyu, unakwenda kukaa kwenye jiwe hadi jua lizame. Tulicheza rede kwa mpira wa matambara, jicho moja kwenye mpira, jingine juu kwenye mawe.

Juu kwenye mawe ndiko walikokaa wao. Vijana wa leo wanamwona nyani kando ya lami akigombea ganda la biskuti, wanasema ni mnyama wa kuchekesha, wanampiga picha. Wetu hawakuchekesha. Asubuhi walikaa kwenye jua wakichambuana manyoya, majike na watoto wao vifuani, kama akina mama wanaosukana nywele Jumapili. Ungesema watu wema kabisa. Kumbe wanakuhesabu. Mmoja alibaki juu akitazama, na aliyetazama hakula. Sisi tukichoka, tukienda kivulini, tunasikia mabua yanavunjika. Wanajaza mashavu hadi yanatuna, kisha wanapanda kwenda kutafunia juu, wakitutazama.

Dume lao kubwa tulimwita Mwalimu Mkuu, kwa sababu alitembea polepole na kumtazama kila mtu kama amekosa. Tuliambiwa nyani wanaelewa lugha zote, wamenyamaza tu wasije wakadaiwa kodi. Tuliamini. Ukitaka kupanga jambo la kuwakamata, ulinong'ona.

Jambo moja nina uhakika nalo: walijua mwanamume na mwanamke. Mwanamume akitokea tu kwenye njia, hata hajainama kuokota jiwe, yule wa juu anabweka na wote wanapanda. Akija mama na kanga yake, akipiga debe na kupaza sauti hadi ikauke, wanasogea mistari miwili, wanaendelea kula. Mtoto ndiyo kabisa. Mimi nilikimbizwa na jike mwenye mtoto mgongoni, nikaacha kibuyu changu, na bado nasikia aibu.

Sasa mwaka ule baba alikuwa Sekenke kwenye machimbo ya dhahabu. Nyumbani tulibaki mama, bibi mzaa baba, mimi na mdogo wangu anayenyonya. Shamba letu lilikuwa ndilo la mwisho chini ya mawe, na halikuwa na mwanamume. Mwalimu Mkuu aliligundua hilo mapema kuliko majirani.

Mama akaona tutakufa njaa. Siku moja akaweka kwenye kikapu koti refu la baba, suruali yake na kofia, akafunika na majani ya mlenda. Tulipofika akaenda nyuma ya jiwe. Aliyetoka pale alikuwa mwanamume. Mwenyewe nilishtuka.

"Zena," akaniambia, "bibi yako asijue nimevaa suruali. Atanirudisha kwetu Unyambwa nikiwa nimeivaa."

Nyani walikimbia! Jamani, walikimbia mpaka wakaangusha mahindi waliyojaza mashavuni. Mama alicheka nikaona meno yake yote, jambo ambalo halikuwa la kawaida. Tukapumua.

Lakini naona tangu siku ile Mwalimu Mkuu alianza kushuku. Alikaa kwenye jiwe lake akitazama lile koti. Mama akirusha jiwe, analifuata kwa macho hadi lilipoangukia, na lilianguka karibu. Kisha mdogo wangu akalia njaa. Mama akakaa chini palepale kwenye tuta, akafungua vifungo vya koti, akanyonyesha, kofia kichwani. Yule dume akanyoosha shingo. Sisemi alielewa. Nasema aliona, na kesho yake walipotuona na koti letu walisogea mistari miwili tu, wakaendelea kula. Mama hakulivua. Alisema huenda watasahau, tena asubuhi kulikuwa na upepo wa baridi.

Nyani hawakusahau. Na watu nao wakaanza.

Chini ya shamba ilipita njia ya kwenda gulioni. Siku ya gulio jirani yetu mama Salima akamwona mwanamume mwenye koti amesimama katika mtama wetu. Kwa heshima akapaza sauti: "Shikamoo baba!" Mama kwa aibu ya suruali akainama, akatokomea nyuma ya jiwe. Fikiria mwenyewe. Mtu mzima anayekimbia shikamoo! Mama Salima hakuwa mbea, nataka nimtendee haki. Alisema alichoona tu. Ila alikisema gulioni.

Baada ya hapo tukienda kisimani mazungumzo yanakatika. Bibi akaanza kunichunguza: "Leo shambani mlikuwa na nani?" "Na mama." "Na nani tena?" "Na nyani." Ananitazama kama ananitafutia uongo kwenye meno. Baba mdogo Hamisi, mdogo wake baba, ambaye kwa kweli hakuwa mtu mbaya, alituletea mtama wakati wa njaa, naye akaenda kujificha kwenye mawe ili amkamate huyo mgeni. Bahati mbaya mawe yalikuwa na wenyewe. Nyani wakambwekea pande zote. Mama akadhani ni chui, akambeba mtoto na kunivuta mkono tukakimbia. Baba mdogo alichoona ni mgongo wa koti unapotea kwenye mtama. Akarudi nyumbani anahema: "Nimemwona kwa macho yangu! Anakimbia kama mwizi, na mtoto wetu kambeba!"

Maneno yakafika Sekenke kwa mdomo wa mchimbaji mmoja. Baba akarudi kabla ya wakati, hana dhahabu, uso umefungwa. Hakusalimia mtoto. Mama akamwambia ukweli wote, suruali na yote. Mimi nikasema, "Baba, ni mama kweli." Nani atamsikiliza mtoto anayelala na mama yake?

Baba mdogo akacheka kwa hasira. "Shemeji, mwanamke wa Issuna avae suruali ya kaka? Tafuta uongo mwingine."

"Mtu gani atakuja kwangu na koti la mume wangu?" mama akajibu. "Haoni aibu kushindwa kununua lake?"

"Ndiyo nauliza mimi," baba akasema. "Nani umempa koti langu?"

Nilijua kinachofuata, kwa sababu nilishaona mke wa mtu akirudishwa kwao, watoto wakibaki mlangoni. Ndipo bibi, aliyekuwa anapepeta mtama pembeni, akasema bila kuinua macho: "Aliyekuwa ndani ya koti nyani wanamjua. Si mwende mkawaulize?" Hadi leo sijui kama alikuwa anatutetea au anatudhihaki. Bibi alikuwa hivyo.

Mama akadaka. "Sawa. Mwanamume wanamkimbia, hilo mnalijua wote. Koti hili hawalikimbii tena kwa sababu wamezoea kuniona mimi ndani yake. Livae wewe mwenyewe, uingie shambani."

Asubuhi tukaenda wote, hata mama Salima. Nyani walikuwa wameshaingia. Baba akavaa koti lake na kofia, akapita katikati ya mtama kwa hatua za mwenye mali, akapiga kelele. Mwalimu Mkuu akageuka. Akamtazama baba juu hadi chini. Akapiga mwayo, meno yote nje, akavunja hindi jingine, akampa mgongo.

"Wewe!" baba akafoka. "Mimi ndiye mwenye shamba!"

"Kaka," baba mdogo akasema taratibu, "hebu vua."

Baba akavua koti na kofia, akabaki na shati. Hata hajainama, yule wa juu akabweka, na shamba zima likapanda mlima.

Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Mama Salima alimshika mama mikono akaomba radhi mbele ya wote. Mimi niliruka ruka. Kwa haki lazima niseme huenda ilikuwa upepo, au walimtambua baba uso alipovua kofia, sijui. Siku ile hakuna aliyeuliza. Baba alicheka pia, akamnyooshea mama lile koti kama zawadi. Mama hakucheka. Alisema, "Umewaamini nyani." Akalipokea, akalikunja, akaenda kuokota mahindi yaliyoangushwa.

Walikaa pamoja hadi baba alipofariki, na sikusikia wakigombana juu ya jambo lile tena.

Mwezi uliopita mwanangu na mkewe, ninaokaa nao hapa Singida mjini, waligombania simu. Yeye anataka kuona, mke hataki kuonesha. Nikawapa kisa hiki wapoe. Nikawaambia zamani shaka ilitembea kwa miguu kutoka Issuna hadi Sekenke, ikachoka njiani, na ikifika iliamuliwa mchana kweupe mbele ya majirani ikaisha. Ninyi ya kwenu mnalala nayo kitandani na kuichaji. Mwanangu alicheka, akasema, "Mama, si mngempiga picha tu bibi yangu akiwa na suruali?" Watoto hawa wanadhani picha ndiyo dawa.

Mkwe wangu hakucheka. Aliuliza, "Mama, na nyani wangelikimbia lile koti je?"

Nilitaka kumwambia mama yangu asingerudishwa kwao, baba alikuwa mwelewa. Sikuweza. Nikamwambia ninachokijua: asubuhi ile, kabla hatujatoka kwenda shambani, nilikuta nyuma ya mlango nguo za mama na za mtoto zimefungwa kwenye kanga, fundo limekazwa. Tuliporudi tukiwa tunacheka, fundo lilikuwa bado pale. Alilifungua siku gani, sijui. Sikumwona.